Kujizuia Huanza Ubongo Ukiwa Umetulia

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu vijana wa Mombasa, iwe ni majani ya muguka, unga wa heroini, kamari au visu vya usiku, hukumu hutoka upesi: hawana adabu, hawana imani, wazazi wamewaachia. Kazi yangu ni ubongo na tabia, na hukumu hiyo naikataa kwa sababu inaangalia saa isiyo yake. Inamtazama kijana pale pale anaponyoosha mkono kuchukua asichostahili, kisha inamuuliza kwa nini hakujizuia. Swali hilo limechelewa. Uwezo wa kujizuia hujengwa mapema zaidi, katika saa ambazo ubongo haujatumwa kazi yoyote: mtu akiwa amelala, akiwa amefumba macho, akiwa amekaa barazani kimya. Saa hizo zikiharibiwa, siku nzima inayofuata huendeshwa na ubongo unaoshindwa kusimama. Mji unaotaka vijana wanaojizuia hauna budi kulinda kwanza utulivu wa bongo zao.

Sisemi hivyo ili kumvua mtu dhamana ya matendo yake. Aliyempora mama mkoba wake njiani amempora, na sheria ichukue mkondo wake. Lakini kumwadhibu mkosaji wa leo hakutufundishi namna ya kumpunguza mkosaji wa kesho. Kwa hilo inatupasa tujue kujizuia ni kitu gani hasa ndani ya kichwa.

Watafiti hukipima kwa jaribio rahisi. Mtu huketi mbele ya kompyuta, vidole viwili juu ya vitufe viwili. Mshale ukielekea kushoto abonyeze cha kushoto, ukielekea kulia abonyeze cha kulia, na afanye haraka. Baada ya dakika chache mkono huzoea, ukawa unajiendea wenyewe. Kisha, katika baadhi ya mizunguko, kama robo yake hivi, husikika mlio mfupi mara tu mshale unapotokea: sasa usibonyeze. Mlio ukiwahi, karibu kila mtu huacha. Ukicheleweshwa kidogo tu, utaona bega likishtuka, midomo ikibana, na kidole kikishuka hata hivyo. Uso wake unakwambia kwamba amejua kosa kabla hajauondoa mkono. Mwaka 1984 wanasaikolojia Gordon Logan na William Cowan walieleza kinachotokea hapo: ubongoni kuna mbio mbili, ya kutenda na ya kuacha, na inayofika kwanza ndiyo inayoamua. Kwa hesabu yao tunaweza kukadiria muda ambao mtu anahitaji ili aache. Kwa vijana wenye afya, muda huo ni takriban milisekunde 200 hadi 250, yaani robo ya sekunde au pungufu.

Robo hiyo ya sekunde ina njia yake. Huanzia sehemu ya mbele ya ubongo, hasa upande wa kulia. Mwaka 2003 Adam Aron na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa walioumia sehemu hiyo huchelewa kuacha, na kadiri jeraha linavyokuwa kubwa ndivyo wanavyozidi kuchelewa. Kutoka hapo amri hushuka hadi kwenye viini vidogo vilivyo ndani kabisa ya ubongo, ambavyo huukatiza mwendo kabla msuli haujapokea ujumbe. Sehemu hii ya mbele ndiyo ya mwisho kukomaa; huendelea kujengwa hadi mtu anapofika katikati ya miaka yake ya 20. Kijana wa miaka 16 ana nguvu za mtu mzima na matamanio ya mtu mzima, ilhali njia yake ya kuacha ingali inajengwa. Kwa hivyo kila kitu kinachoingilia ujenzi huo katika umri wa miaka 12 hadi 25 kina uzito ambao kisingekuwa nao kwa mzee wa miaka 50.

Sasa tuje kwenye utulivu. Mwaka 1924, mjini Jena, Ujerumani, daktari Hans Berger alirekodi kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu, na matokeo yake akayachapisha 1929. Alichokieleza wakati ule unaweza kukiona leo katika chumba chochote cha kipimo hicho. Mgonjwa akiwa amefumbua macho, mistari kwenye skrini huwa midogo, ya haraka na isiyo na mpango. Mtaalamu humwambia, “Fumba macho, tulia.” Mara moja, upande wa nyuma wa kichwa, mistari huinuka ikawa mawimbi makubwa yaliyopangika, takriban 10 kwa kila sekunde. Haya ndiyo mawimbi ya alfa. Akifumbua macho tu, hutoweka. Mtu yuleyule, kiti kilekile, na hakuna alilofanya ila kutulia, lakini ubongo wake umeingia katika hali nyingine kabisa ya kazi.

Picha za MRI zikaja kuongeza mengi juu ya hilo. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake waligundua kwamba mtu akilala ndani ya mashine bila kufanya lolote, sehemu za ubongo zinazoongoza mkono wa kulia na wa kushoto hupanda na kushuka kwa pamoja, ingawa mikono yenyewe haisogei. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa chuo kikuu kimoja mjini St. Louis, Marekani, walieleza mtandao mzima wa sehemu za ubongo ambazo huchangamka zaidi mtu anapokuwa hana kazi, kisha hushuka anapopewa kazi. Na hesabu ya nishati inathibitisha. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Kufanya hesabu ngumu au kujibu maswali ya mtihani huongeza ulaji huo kwa chini ya asilimia 5. Sehemu kubwa kabisa ya gharama ya ubongo, basi, ni ya kazi ambayo mwenyewe haijui: kuunganisha sehemu hii na ile, kuyapanga yaliyotokea, kujiweka tayari kwa yatakayokuja.

Hapa ndipo utulivu na kujizuia vinapokutana. Mwaka 2009 Lorena Gianotti, Daria Knoch na wenzao waliwarekodi watu umeme wa ubongo wakiwa wametulia tu, kisha wakawapa mchezo wa kubahatisha. Waliokuwa na mawimbi mengi ya polepole upande wa kulia wa mbele, ambayo ni dalili kwamba sehemu hiyo haijachangamka vya kutosha, ndio waliojitosa zaidi katika hatari. Kumbuka kwamba kipimo kilichukuliwa kabla ya mchezo, hakuna kishawishi chochote mbele yao. Hali waliyokuwa nayo katika utulivu ilitangulia uamuzi wao. Dereva wa tuktuk anaelewa hili bila maabara: breki haitengenezwi mteremkoni, hutengenezwa gereji chombo kikiwa kimesimama, na asiyekisimamisha chombo chake hata siku moja hana haki ya kushangaa siku kitakapogoma kusimama.

Muguka na usiku wetu

Hapa kisiwani, kinachovuruga utulivu huo kwa nguvu kuliko vyote siku hizi ni muguka pamoja na usiku unaotokana nao. Tazama kibanda kimoja, kwa sababu vyote vinafanana. Ni mbao chache na mwavuli. Mezani pana majani laini, yamefunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji yasinyauke, na pembeni njugu, chingamu za Big G za kupunguza uchungu na chupa za soda. Mzigo mpya kutoka Embu ukiingia, kibanda kinachangamka. Wanakuja mabarobaro wa maskani, wanakuja madereva, makuli, na siku hizi wanakuja pia wavulana ambao ndevu hazijaota. Kila mmoja anachukua mfuko wake, na kikao kinaanza kabla ya magharibi. Ukipita saa 6 za usiku bado wapo, shavu limevimba, mazungumzo yamepamba moto. Wengine utawakuta wakati wa adhana ya alfajiri.

Mmea ni uleule wa miraa, na kiini chake ni kathinoni, kemikali iliyo jamaa wa karibu na amfetamini. Kathinoni hupoteza nguvu upesi, ndani ya siku mbili hivi tangu jani lichumwe, ndiyo maana magari ya mzigo huu hukimbizwa barabarani kama yaliyobeba mgonjwa mahututi. Ikifika ubongoni huzifanya seli zimwage dopamini na noradrenalini. Mchanaji huona kila wazo lake ni zuri, kila mpango unawezekana, usingizi ni jambo la watu wengine. Hiyo ndiyo handasi. Kesho yake hali hugeuka: kichwa kizito, moyo mzito, hasira za karibu, na dawa iliyo karibu ya kuuondoa uzito huo ni mfuko mwingine. Ubongo hausimami usiku kwa sababu umechochewa, na haufanyi kazi mchana kwa sababu haukusimama usiku.

Athari hii imepimwa. Mwaka 2011 Lorenza Colzato na wenzake nchini Uholanzi walichapisha utafiti uliolinganisha watumiaji wa muda mrefu wa miraa na wasiotumia, waliofanana kwa umri na kiwango cha akili, kwa jaribio la aina hiyohiyo la kutenda na kuacha. Kasi ya kubonyeza ilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa katika kuacha: watumiaji walihitaji muda mrefu zaidi kuuzuia mkono. Kundi lililopimwa lilikuwa dogo, na utafiti wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba jani ndilo lililotangulia. Lakini angalia umbo la matokeo yenyewe. Hawakuwa wazito wa kutenda. Walikuwa wazito wa kusimama. Mama yeyote wa mtaa aliyeishi na mchanaji anaijua tofauti hiyo.

Kukosa usingizi peke yake kunatosha kuleta sura hiyohiyo. Mwaka 2006 Sean Drummond na wenzake waliwaweka watu macho usiku mbili mfululizo na kuwapima uwezo wa kujizuia. Kabla hata siku moja haijatimia bila kulala, walikuwa wamekwisha kuanza kubonyeza pale walipotakiwa kuacha. Habari njema ni kwamba baada ya usiku mmoja wa kulala vizuri walirudi katika hali yao. Jambo hili nataka kila mzazi wa Kibokoni, Kuze na Makadara alishike, kwa sababu lina matumaini kuliko hotuba nyingi: breki hii, ikiwa imechoka tu, hurudi.

Mwezi wa Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alitoa amri ya kupiga marufuku kuingizwa, kuuzwa na kutumiwa muguka katika Kaunti ya Mombasa, na kaunti jirani za Pwani zikachukua hatua za aina hiyo. Siku chache tu baadaye mahakama huko Embu ikaisimamisha amri, na Rais William Ruto akasema marufuku ya kaunti hazina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria za nchi. Wakulima wa Embu walilia riziki yao, wazazi wa Mombasa walilia watoto wao, na kilio cha kila upande kilikuwa cha kweli. Mimi nilikuwa upande wa wazazi na bado niko huko. Hata hivyo naamini mjadala ule ulikwama kwa kuwa ulibaki kwenye jani tu: liingie au lisiingie. Hakuna aliyeuliza usiku wa kijana wetu una nini kingine. Kijana aliyenyimwa jani lakini bado halali, chumba kina joto, wamelala wanne, simu iko mkononi mpaka saa 8 za usiku, atatafuta kichocheo kingine asubuhi, na atakipata.

Dhana nne zinazotupoteza

Ya kwanza ni kwamba kujizuia ni nguvu za moyo tu, na asiye nazo ni mnyonge. Hoja ya kuipinga ipo mbele ya macho yetu kila mwaka. Mvutaji asiyeweza kukaa saa 2 bila sigara hufunga Ramadhani mchana kutwa, siku 29 au 30, na wavutaji wengi hawana mateso tunayoyatarajia. Imani ina nafasi yake kubwa, na siwezi kuipunguza. Lakini tazama pia mji unavyomsaidia. Mikahawa ya Mji wa Kale imefungwa mchana, hakuna anayemkaribisha, marafiki zake wote wamefunga, na saa ya kufungua inajulikana kwa kila mtu. Breki yake inaitwa mara chache sana kwa sababu kishawishi kimeondolewa njiani. Shawwal ikiandama, mji unaachia, naye anarudi kwenye sigara yake. Wanasaikolojia waliowafuatilia watu katika maisha yao ya kila siku wamefikia hilohilo: wanaosifiwa kwa kujizuia mara nyingi si wale wanaoshindana sana na vishawishi, bali wale wanaokutana navyo kwa uchache, kwa kuwa wamejijengea mazoea na mazingira.

Ya pili ni kinyume chake: kwamba ubongo ukishaharibika basi, hakuna la kufanya. Mwaka 2012 Karen Ersche na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walichapisha utafiti juu ya waraibu wa dawa za kuchangamsha pamoja na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuwa waraibu. Ndugu wote wawili, mraibu na asiye mraibu, walikuwa wazito wa kuacha katika jaribio la mlio, na wote walikuwa na udhaifu katika nyaya za ubongo zinazohusika na kazi hiyo. Nyumba moja, breki dhaifu ileile, lakini mmoja alizama na mwingine hakuzama. Udhaifu wa kuzaliwa nao si hukumu. Jazmin Camchong na wenzake nao waliwapima watu walioacha pombe wakiwa wametulia ndani ya MRI, na kwa walioacha kwa miaka mingi walikuta mawasiliano yenye nguvu zaidi katika mitandao inayoongoza kujitawala kuliko kwa walioacha karibuni. Ubongo unaopewa muda hujipanga upya, na dalili zake huonekana mtu akiwa hafanyi kitu.

Ya tatu ni mpya, na inaanza kuwavutia wazazi wenye uwezo: kwamba mtoto apimwe umeme wa ubongo ijulikane kama atakuwa mtukutu au mraibu. Nawaomba msitoe pesa zenu. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walichunguza hifadhi za picha za MRI za watu takriban 50,000 na kuonyesha kwamba uhusiano kati ya picha ya ubongo na tabia ya mtu ni mdogo sana, kiasi kwamba huhitaji maelfu ya watu ili uuone kwa uhakika. Yaliyo kweli kwa wastani wa maelfu hayamtabiri Ali au Zuhura mmoja aliyeketi mbele yako. Kipimo cha umeme wa ubongo kina kazi yake ya heshima, hasa katika kifafa, na huko kiachwe. Sayansi ya ubongo uliotulia inatusaidia kuipanga jamii. Haitupi ramli ya mtoto mmoja mmoja.

Ya nne ndiyo iliyoenea kuliko zote: kwamba fimbo hufundisha kujizuia. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001 na Katiba ya 2010 ikakataza adhabu ya viboko, lakini fimbo bado ipo, shuleni na chuoni, yaani madrasa. Tena si kila utukutu ni ukosefu wa adabu: hapo juu kidogo tu, Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walioanza kazi huko 1989, wameonyesha kwamba malaria kali ya utotoni inaweza kumwachia mtoto aliyepona matatizo ya kumbukumbu, lugha na mwenendo. Profesa Amina Abubakar na wenzake wametengeneza na kurekebisha vipimo vya maendeleo ya watoto vinavyofaa lugha na maisha ya Pwani. Sasa fikiria ustadhi au mwalimu mwenye watoto 50 mbele yake. Miongoni mwao yupo aliyeponea malaria kali, yupo mwenye kifafa kinachofichwa nyumbani, yupo ambaye jana hakulala kwa ugomvi wa wazazi. Wote watatu wanachokoza wenzao, wote wanadakia jibu kabla ya swali kwisha. Fimbo inawaongezea hofu, na hofu ndiyo adui wa kwanza wa sehemu ya mbele ya ubongo. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na kumkunja hakuhitaji kumvunja.

Tufanye nini

Naanza nyumbani, kwa sababu huko hakuhitaji bajeti ya kaunti. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Simu zote za nyumba zilale sebuleni, za wazazi pia, kuanzia saa 4 za usiku. Kuperuzi video si kupumzika. Kila sekunde chache ubongo unapewa kitu kipya cha kukamata, na ile hali ya macho kufumba na mawimbi kuinuka haipati nafasi. Nyumba zetu za Mji wa Kale zilijengwa kwa kujua joto: kuta nene, kiwanda, yaani ua wa ndani, madirisha marefu ya kupitisha upepo. Familia nyingi zimeziba madirisha hayo kwa kabati na televisheni. Yafungueni, na mtoto alale pale upepo unapopita.

Shule na vyuo vina sehemu yao. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2 asubuhi, lakini mtoto wa Mombasa anaamshwa saa 10 alfajiri awahi masomo ya ziada, jioni yuko chuoni, usiku anafanya kazi za nyumbani. Ratiba hiyo inamtoa mtoto aliyehifadhi mengi na asiyeweza kujitawala. Walimu wakuu waiheshimu kanuni iliyopo. Maustadhi nao wanaweza kuweka dakika 15 za kukaa kimya kabla ya darasa, bila kitabu na bila simu. Hilo si geni kwetu. Adabu ya kungoja sala kwa utulivu inalifundisha.

Kaunti, badala ya kusubiri marufuku nyingine igonge mwamba mahakamani, itumie mamlaka ambayo tayari inayo. Mpango wa Nne wa Katiba umezipa kaunti kazi ya udhibiti wa dawa za kulevya na utoaji wa leseni za biashara. Leseni ya kibanda cha muguka iwe na masharti matatu: mnunuzi awe ametimiza miaka 18, kibanda kiwe mbali na shule na chuo, na kifungwe mapema jioni. Sharti la tatu ndilo ninalolipigania zaidi, kwa sababu jani linalouzwa saa 3 za usiku ni usingizi unaouzwa. Mkulima wa Embu hatapoteza soko lake kwa saa hizo chache, na kijana wa Mombasa atapata usiku wake.

Kwa walioingia kwenye unga, tuna mfano ulio hai wa nadharia hii. Mtu wa heroini huishi kwa mizunguko ya saa chache: dozi, nafuu fupi, kisha arosto, yaani mateso ya kukosa dozi. Katika arosto hakuna kujizuia kunakowezekana. Ubongo wote umekuwa kelele. Methadoni hudumu takriban siku nzima, hivyo dozi moja asubuhi humpa mtu saa 24 ambazo ubongo wake haukimbizwi. Kenya ilianza tiba hiyo Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, ikafuata Malindi 2015, na leo kuna kliniki Kisauni. Mashirika kama Reachout Centre Trust yamewafuata waraibu mitaani kwa miaka mingi na kuwashika mkono hadi kwenye tiba. Wapo wanaodai kwamba methadoni ni kubadilisha unga mmoja kwa mwingine. Nawajibu kwamba inampa mgonjwa utulivu, na ndani ya utulivu huo ndimo ushauri, ibada na kazi vinapopata pa kushika. Kliniki hizo ziongezwe, na moja iwe ndani ya kisiwa, ili mgonjwa asilazimike kutafuta nauli ya kuvuka daraja kila asubuhi.

Mwisho nasema na wazee wenzangu wa mabarazani. Baraza la jioni, kahawa chungu na kashata, lilikuwa mahali ambapo kijana aliketi kimya akasikiliza, akasubiri zamu yake ya kusema, kisha akaenda kulala mapema. Tumelihama, na maskani ya muguka imelirithi. Turudini. Mwiteni kijana mmoja wa mtaa akae nanyi jioni ya leo, msimhutubie, mpeni kikombe chake, na ikifika saa 4 mwambieni aende nyumbani akalale.